Yeye wa Sura ya Kumi

Tashkent, 4 Agosti 1974

Mwalimu Turob,

Mama anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba ule mkate tuliouvunja siku ya uchumba wetu umekuwa mgumu kama kigae, na usiporudi mjini kabla ya baridi ataulowesha kwenye mchuzi aule peke yake. Nimefikisha ujumbe.

Sasa kazi. Ndugu Zufarov, mkuu wa idara yetu ya tafsiri, amesoma sura tano za mwanzo za riwaya yako kwa Kirusi changu. Akaniita ofisini, akafunga mlango, akafungua dirisha, akalifunga tena. Kisha akaniuliza, "Binti yangu, huyu kware ni nani?"

Nikamwambia kware ni ndege.

"Najua ni ndege. Babu yangu alifuga kware maisha yake yote. Nakuuliza ni nani."

Anasema haiwezekani mtu aandike habari za mji ambao serikali imefuta majina ya watu wote, wakawa wanaitana "yeye" na "yule" tu, halafu humo humo mtunga nyimbo na mnakili wa nyimbo zake wapendane kwa siri na kuficha kware kwenye mkono wa joho, na huyo kware asiwe na maana yake. Ama ni uhuru, ama ni dini, ama ni mtu tunayemjua. Nilipomkumbusha kwamba hii ni hadithi ya nchi ya mbali ya mabepari, alikubali upesi sana, ila akauliza mabepari wameanza lini kufuga kware. Anataka maelezo kwa maandishi: kware ni nini, theluji ni nini, na kwa nini wapenzi hawa hukutana kwenye ghala la matikiti.

Nisaidie, tafadhali. Ulisema mwenyewe kwamba riwaya ikitoka kwa Kirusi ikasifiwa Moscow, hapatakuwa na mtu wa kuthubutu kukuacha huko Nurota na kondoo. Nami nimechoka kuwa mchumba wa bahasha.

Au kware ni mimi?

Oydin


Nurota, 15 Agosti 1974

Oydin,

Kware ni kware.

Nilimweka kwa sababu mjomba wangu alikuwa naye, na kwa sababu mtu aliyebeba kitu hai ndani ya mkono wa joho hutembea kwa namna yake, taratibu, kama mwenye jipu kwapani. Theluji ni theluji kwa kuwa ni Januari. Ghala la matikiti lina giza na linanukia vizuri. Zufarov alitaka wakutane wapi, kwenye kikao cha wafugaji?

Unajua nilivyofika huku. Nilisema kwenye karamu kwamba saa ya uwanjani inachelewa. Watu watatu wakaenda kuandika nilichomaanisha, kila mmoja na lake. Nilimaanisha saa inachelewa. Sasa nafundisha watoto wa wachungaji kusoma, na jioni nasikia kondoo wakikohoa kama wajumbe.

Kwa hiyo nikikuona na wewe unaanza kunichimba, mwili unanisisimka. Wachimbe wao, wanalipwa. Sisi wawili tusifanye hivyo. Nikitaka kukuambia nakupenda nitaandika nakupenda. Nakupenda. Umeona, wala haikunishinda. Nikiandika habari za kitabu, nazungumzia kitabu. Nikiandika habari za kondoo, ni kondoo. Niahidi kwamba utanisoma hivyo, maana nikipoteza msomaji wa namna hiyo hata mmoja, sina haja ya kuandika tena.

Matikiti ya mwaka huu ni mazuri. Barua yako ilifika na gundi nyingi kuliko uliyotia wewe. Watu wa posta ya huku ni wakarimu.

Turob


Tashkent, 29 Agosti 1974

Mwalimu wangu mkali,

Naahidi.

Zufarov nimemwandikia hivi: "Kware ni ndege mdogo wa jamii ya kuku." Akasoma, akaweka kwenye saraka, akashusha pumzi. Nadhani alichotaka ni karatasi tu.

Lakini mimi nina taabu yangu, na hii si ya kuchimba, ni ya sarufi. Wewe umekaa umeandika kitabu kizima bila jina hata moja, yeye akasema, yeye akacheka, yeye akamfuata. Kwa lugha yetu inapita, maana yeye ni yeye, awe na ndevu au hereni. Kirusi hakipiti. Kirusi kimesimama mlangoni kama mama wa bafu la umma: mwanamume au mwanamke? Hata kitendo chenyewe, "alikuja" ya mwanamume si "alikuja" ya mwanamke. Sura tisa nimeamua mwenyewe kwamba mtunga nyimbo ni mwanamume na mnakili ni mwanamke, na wewe hukulalamika. Ila kila aya natoka jasho. Mahali pengine sijui nani amemshika nani mkono.

Mama anasema yeye haoni taabu yoyote. Yeye na marehemu baba waliishi miaka yote ile bila kuitana majina, "yule amekuja", "yule amekula", na hawakupotezana hata siku moja.

Mwezi ujao ofisi nzima tunapelekwa kuvuna pamba. Nitakuandikia kutoka shambani. Nakupenda pia, na mimi sikushindwa.

Oydin


Nurota, 12 Septemba 1974

Oydin,

Jumatano sikufundisha. Nilikuwa wilayani.

Sura ya kumi uliyo nayo siipendi tena, iweke kando. Nimefikiria nyingine.

Yeye anaitwa kwenye mji mdogo, kwenye ofisi yenye zulia jipya. Wanampa chai, sukari ya mabonge na zabibu kavu. Ni watu wawili, wana adabu mno. Mmoja anamuuliza hali ya mifugo. Kisha wanamsogezea karatasi. Imeandikwa kwamba moyo wake ni safi, na kwamba sumu yote iliyomo kwenye nyimbo ilitiwa na mwenzake, bila yeye kujua. Akitia saini, anarudi mji mkuu. Asipotia, atapelekwa mahali ambapo posta haifiki. Wamempa muda wa kufikiri mpaka pamba iishe mashambani.

Unaonaje? Nataka kujua wewe unaonaje, si Zufarov.

Huku baridi imeanza mapema.

Turob


Shamba la pamba, 23 Septemba 1974

Turob,

Naandika juu ya goti wakati wa chakula. Usijali mwandiko, vidole vimechanwa na vikonyo vya pamba na nimeazima kalamu ya mhasibu, anaiangalia kama mtoto wake.

Sura hii ni nzuri kuliko zote. Zulia jipya lilinichekesha, zabibu zikanitisha. Wale watu wenye adabu nimewaona kabisa, nikawasikia wakikoroga chai. Asubuhi nzima nilivuna huku nikiwawaza, kiongozi wa kikosi akasema mfuko wangu mwepesi kama kichwa changu.

Swali moja tu, nalo lijibu wazi, kwa maana bila hilo siwezi kusogea hata mstari. Huyo yeye anayeitwa ofisini ni mwanamume au mwanamke? Ni yupi kati yao? Umeandika "yeye" na "mwenzake" na ukaniacha hapo. Najua hupendi maswali, lakini hili linaninyima raha.

Tunalala katika bweni la shule moja, wanawake kwa mstari, tumebanana kama maandazi. Supu ni maji yaliyosikia habari za nyama. Nijibu upesi.

Oydin


Nurota, 3 Oktoba 1974

Oydin wangu,

Umenielewa.

Niliposoma swali lako nilitoka nje nikakaa na mbwa wa shule mpaka kengele ikalia. Nilikuwa nimeogopa kwamba ahadi niliyokulazimisha itakufumba macho. Lakini umeuliza lile lile, na umeliuliza kabla ya jingine lolote. Sitasahau.

Ni mwanamume. Mwenzake hajaitwa, na hataitwa kama mambo yakienda ninavyotaka.

Na hatii saini. Anakunywa chai yao, anakula zabibu zao, anasema asante, anavaa kofia yake. Andika hivyo kwa Kirusi, na kitendo ukivishe suruali.

Mwambie mama ale ule mkate. Na wewe, ukiona inafaa, ule pamoja naye.

Turob


Shamba la pamba, 14 Oktoba 1974

Turob,

Kwanza mkate. Mama sikumwambia. Mzaha wake nimeuzoea, lakini wako haukunichekesha.

Pili, nimekasirika, na nimekasirika kwa sababu kitabu nakipenda. Hatii saini? Hivi hivi tu, anavaa kofia? Huyo si mtu, huyo ni sanamu ya uwanjani. Kwa sura tisa umenionyesha mwanamume anayeogopa baridi, anayependa kulala, anayemwachia mwenzake kipande cha tikiti kisicho kitamu akidhani haonekani. Ghafla kwenye zulia anakuwa shujaa. Siamini, na sitaki kumwamini.

Atie saini, Turob. Fikiri vizuri. Huyo mwanamke angetaka atie. Mimi ningekuwa yeye ningemwambia wazi: saini, urudi nyumbani, mengine tutapambana nayo. Atafanya nini na mwanamume msafi aliye mahali posta haifiki? Kumkataza mtu asirudi ili heshima ibaki safi, hayo si mapenzi, hizo ni hotuba. Mapenzi yako hapo kwenye kutia saini, na ndiyo maana panauma.

Nimesema. Najua utanuna. Nuna kidogo halafu ubadilishe.

Oydin


Nurota, 25 Oktoba 1974

Oydin,

Sikununa. Nimeisoma barua yako darasani, njiani, zizini. Kila mara naielewa, halafu nikiikunja siielewi.

Hujui unachokisema, au unakijua kuliko mimi. Akitia saini, mwenzake atafukuzwa kazi. Huenda yakamfika na zaidi ya hayo. Umelifikiria hilo? Umelifikiria wewe, siyo kwa ajili yake yeye, bali kwa ajili ya huyo mwenzake?

Pamba inakwisha. Walikuja tena kuniuliza hali ya kondoo.

Niambie mara moja tu, kwa maneno machache, nipate usingizi. Atie saini?

Turob


Tashkent, 4 Novemba 1974

Turob,

Tumerudi kutoka shambani na meza yangu imefunikwa na karatasi mpaka juu, kwa hiyo nisamehe ufupi.

Atie saini. Ndiyo, mwenzake atafukuzwa kazi. Atalia, atanawa uso, atapata kazi nyingine ya mikono. Watu wanaishi. Na alikwisha kumsamehe kabla hajashika kalamu. Hilo liwe wazi, usimwache msomaji anababaika. Nimelifikiria, na sibadilishi.

Zufarov anaidai sura hii kila asubuhi. Usinizungushe tena, itume.

Nimepata sufu nzuri ya kijivu, nakufumia fulana.

Oydin


Nurota, 13 Novemba 1974

Oydin,

Ametia saini.

Turob


Tashkent, 25 Novemba 1974

Dada Hosiyat,

Barua hii anakuletea jirani yetu anayekuja Margilan kununua hariri. Isome peke yako, shemeji asiione, na mama usimwandikie kitu.

Nimefukuzwa kazi. Alhamisi Zufarov aliniita, na hakuwa peke yake. Alikuwepo mtu mmoja mwenye mikono misafi ambaye sikutajiwa jina lake. Wakanipa karatasi nisome. Inasema kwamba mwandishi Turob aliandika riwaya safi, na sumu yote iliyomo niliitia mimi katika kutafsiri, yeye asijue. Chini kuna saini yake, ile T yenye mkia mrefu ambayo nimeibusu kwenye bahasha mara nyingi kuliko nitakavyokiri kwako.

Dada, unajua nilisema nini? Nikawaambia, "Lakini hii ni sura ya kumi." Naapa. Nilidhani wamefungua barua wakapata sura yangu niliyokuwa naisubiri. Yule mgeni akacheka kwa upole, akamwambia Zufarov, "Anapenda vitabu kweli." Zufarov alikuwa anaangalia dirisha.

Usiku wa kwanza nilimchukia. Nilimwita kila jina ambalo mama angenilamba kofi nikilisema. Kisha asubuhi nikatandika barua zake mkekani, nikazisoma moja baada ya nyingine. Alikuwa ananiambia. "Jumatano sikufundisha. Nilikuwa wilayani." Sura mpya, zulia, karatasi. Aliitwa kweli, akapewa karatasi hiyo kweli, na kwa kuwa barua zinafunguliwa akaniuliza kwa njia ya kitabu afanye nini. Na mimi nilikuwa nimemwahidi nitasoma kitabu kama kitabu, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenilazimisha. Nikauliza mwanamume au mwanamke, kwa ajili ya Kirusi, basi. Yeye akadhani nauliza, ni wewe au ni mimi?

Mara ya kwanza alikataa, dada. Alikataa kabisa, akaniaga kwa kunitajia mkate. Mimi ndiye niliyemjibu kama mwalimu mwenye wino mwekundu, nikamwambia huyo si mtu, ni sanamu. Nikamwambia mwenzake amekwisha kumsamehe. Nikamwambia asinizungushe. Aliponiandikia "ametia saini" nilidhani ni uvivu wa waandishi, nikawa nangoja sura kamili.

Sasa anaamini nilijua yote. Anaamini nilimpa kazi yangu kwa mkono wangu, kama unavyompa mgeni mto mzuri. Ataniletea shukrani, nami nitaipokea wapi? Nampenda, na nataka nimpige kofi, na nataka nijipige mimi. Na kuna jambo baya zaidi, silielewi. Niliandika "mimi ningekuwa yeye ningemwambia: saini." Sikulazimishwa na mtu. Je, kweli sikujua? Au mkono ulijua na kichwa kikawa kinavuna pamba?

Wamenipeleka kiwanda cha juisi. Nabandika karatasi kwenye chupa, cheri, aprikoti, cheri. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Oydin


Margilan, 1 Desemba 1974

Mdogo wangu,

Nimesoma, nimelia, nimecheka, nimeunguza pilau. Shemeji yako amekula ukoko bila neno, akajua kuna jambo.

Ninyi watu wa vitabu mna balaa. Sisi hapa tukitaka kuambiana kitu tunapigiana kelele, na mtaa mzima unaelewa. Ninyi mmeandikiana miezi mitatu kwa kalamu na wino, na mmoja anauza kondoo, mwingine ananunua ng'ombe.

Mimi nakuambia wazi. Mweleze ukweli. Mwambie, bwana, nilikuwa nazungumzia kitabu chako, hukueleweka, sikueleweka, tumeumia. Akiwa mtu, atakuja hivyo hivyo, atakaa na aibu yake, na wewe utakaa na hasira yako, mtalea watoto. Lakini ukimwacha aamini kwamba wewe ni malaika, itabidi uwe malaika kila siku, na siku za kufua pia. Mimi nakujua. Wewe ukiamka hujachana nywele hata paka anakukimbia.

Nimekutumia soksi na kokwa za walnati. Kula.

Hosiyat


Samarkand, 6 Desemba 1974

Oydin,

Barua hii anakuletea kondakta wa treni, ni jamaa yetu, haifunguliwi. Nurota sikuwa na mtu wa kumtuma hivi, ningekuwa naye mengi yasingetokea.

Walitimiza. Nimepewa karatasi ya kurudi Tashkent, na kibali cha chumba. Nilipanda treni nikiwa na furaha ya kijinga, nikawagawia abiria wote zabibu. Kisha nikatoa barua zako nizisome mpaka nifike, na kwenye ile ya tarehe nne Novemba nikakwama. Uliandika, "Usimwache msomaji anababaika."

Msomaji gani? Mtu anayempa mchumba wake ruhusa ya kumuuza, msomaji anamtafutia nini hapo? Nikaisoma tena yote kuanzia mwanzo, na kila sentensi ikageuka. Sanamu ya uwanjani. Kitabu nakipenda. Zufarov anaidai sura. Nikashuka Samarkand na sanduku langu. Niko kwa binamu, silali, watoto wake wananiogopa.

Oydin, nilikuambia kware ni kware, nikakufungia mlango huo, kisha mimi mwenyewe nikaja kuugonga. Kama hukusikia, kosa si lako. Lakini lazima nijue. Ulikuwa unazungumzia kitabu, au ulikuwa unatuzungumzia sisi?

Kama ni sisi, nakuja, nitapiga goti mbele ya mama yako, nitakutumikia maisha yangu yote. Kama ni kitabu, basi nimekuuza wewe hujui, na sina mguu wa kukanyagia kizingiti chenu. Nitarudi wilayani nikawaambie wafute jina langu, kwamba karatasi ile ni uongo. Watanipeleka wapi najua, nimeshanunua soksi nzito. Kazi yako haitarudi, najua na hilo, lakini nitakuwa nimelisema.

Nisingetaka unionee huruma. Kondakta anageuza treni Jumatano. Mpe neno moja tu: kitabu, au sisi.

Turob


Tashkent, 11 Desemba 1974

Turob,

Sisi.

Neno uliloomba ni hilo. Haya mengine nakupa kwa sababu kondakta wako amekubali kunywa chai kwanza.

Ulitaka nikusome moja kwa moja, nikakusoma hivyo. Uliandika kwamba Jumatano ulikuwa wilayani. Ulidhani ningelipita hilo? Niliuliza mwanamume au mwanamke kwa sababu kalamu ilikataa kuandika, ni wewe? Uliposema hatatia saini, nilikwenda nyuma ya mizani ya pamba nikalia, kisha nikakuandikia nikiwa nimekasirika, maana ningekubembeleza usingenisikia. Na msomaji ni yule wa gundi. Ilibidi aone watu wawili wanagombana juu ya sura. Nilimchezea yeye, nikakuchezea na wewe kidogo, nisamehe.

Kazi nimepata nyingine. Chupa hazina sarufi. Nikitoka jioni kichwa changu ni chepesi, na mikono inanuka cheri mpaka mama ananifuata jikoni. Usifute jina lako mahali popote. Hizo soksi utazivaa hapa, nyumba yetu ina baridi.

Panda treni ya Alhamisi. Nitakuwa kwenye kituo, upande wa mabehewa ya mbele. Nina hasira na wewe kwa mambo mengine mengi, na nitakuambia moja moja, tuna muda.

Ila hili la kitabu au sisi, umeuliza na nimejibu. Usiniulize tena, Turob, hata tukiwa wazee.

Oydin